Nyimbo Kumi na Moja za Mestre Shamte

Wiki iliyopita tuliliacha daftari la zamani, lililoletwa mazoezini, wazi juu ya dawati, na kidole cha Professora Zuleica kimetua kwenye tarehe. Leo tuanzie hapo hapo, maana Mestre Shamte naye hakuwa na pengine pa kutazama.

Tarehe ilikuwa ya mwaka 1957. Chini yake, kwa wino uliopauka, uliandikwa wimbo wa "Kisima cha Jirani", beti zote saba, bila neno kupungua. Na Mocímboa da Praia nzima inajua kwamba wimbo huo aliutunga Shamte bin Fauzi mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kiongozi, au Mestre kwa Kireno, wa Orkestra ya Ukindu.

"Mestre," Zuleica aliuliza kwa adabu, "huu ni mwandiko wa nani?"

Wasichana ishirini wa kwaya walikuwa wamesimama nyuma yake. Mmoja alikohoa. Mzee wa miaka themanini na saba alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Alikuwa amelisubiri swali hilo miaka sitini na mitano. Sasa limefika, na jibu lilimtoka upesi kuliko alivyotaka.

"Wa jirani yetu mmoja. Mimi nilikuwa natunga kwa mdomo, yeye ananiandikia."

Na tarehe? Akasema wimbo hauchezwi siku unayozaliwa, huu ulimkaa kichwani miaka miwili kabla hajaupeleka kwa wanamuziki.

Zuleica alishusha pumzi. Jina la Shamte lilikwisha kuchorwa kwenye kitambaa kirefu cha kuning'inizwa jukwaani, na Jumapili ilikuwa imebaki siku nne. Siku hiyo ungefunguliwa upya ukumbi wa zamani wa mji, tunaouita sala kwa Kireno, ile iliyobaki kuta tupu baada ya vita hivi vya karibuni na sasa imeezekwa mabati mapya. Kwaya ingeimba, mzee angesimama mbele na kuongoza kama zamani. Zuleica ni mwalimu wa Kireno, si wa muziki, na miezi mitatu alikuwa akiwakusanya watoto waliorudi kutoka Pemba yetu ya Msumbiji, Nampula na Montepuez, kila mmoja na lafudhi aliyookota ukimbizini. Hakutaka daftari liharibu kazi.

Akalifunga. Akaomba radhi. Mazoezi yakaendelea.

Hivyo ndivyo Mestre Shamte alivyoponea siku ile. Lakini aliyeponea aliondoka mapema, akasingizia magoti.

*

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumuuliza amerudi na nini.

Mkewe alifariki kabla ya vita. Binti yake, Rukaya, yuko Nampula, humpigia simu kila Ijumaa, humwuliza amekula nini, kisha salio humalizika. Majirani wa mtaa ule ni watu wapya. Wa zamani wamelala makaburini au wako mbali. Wakimwona humwamkia vizuri, "Shikamoo, Mestre," nao hupita. Hakuna anayekaa. Mtu mwenye jina kubwa watu humpa heshima yake mlangoni wakaenda zao, na Shamte alikuwa ameishi kwa heshima hiyo mpaka imemkondesha.

Aliteleka chai, akasahau kutia sukari, akainywa hivyo hivyo.

Wasomaji, huyu mzee alikuwa mtu. Mnaomjua leo kwa mkongojo wake mmeukosa mkono wake wa kushoto. Alikuwa na wanamuziki kumi na sita, wa fidla, wa kodiani, wa udi, wa tarumbeta na wa dumbaki, wote wamevaa tai nyeusi. Akiinua kidole cha mwisho cha mkono ule, kumi na sita wananyamaza kama mmoja. Ukindu walipiga Palma, wakavuka Rovuma wakapiga Mtwara na Lindi, wakafika Dar es Salaam sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Wanawake walikata kanga zenye maneno yake. Wimbo aliokuwa akiusimamia mwishoni, baada ya zote, ulikuwa huu:

*Kisima chake jirani, maji yake nasikia,*
*Na kamba i mkononi, ukuta wanizuia.*

Watu walistaajabu kijana kama yule alijulia wapi kiu ya mtu aliyefungiwa.

Hakuijua. Aliisikia.

Nyumba ya wazazi wake ilipakana ukuta na nyumba ya Bashiru, mfanyabiashara wa nguo aliyekuja kutoka upande wa Lindi. Bashiru alioa msichana wa Quionga, Samiha, akamweka ndani, mwenyewe akawa mtu wa safari. Samiha alikuwa na miaka kumi na minane. Mchana akitwanga alikuwa akiimba, na nyimbo zake hazikuwa za mtu mwingine yeyote. Upande wa pili Shamte alikaa na udi wake, akitafuta sauti zake kwenye nyuzi.

Siku moja udi ulikosea. Samiha akanyamaza, kisha akauimba ubeti ule ule tena, polepole. Ndipo Shamte alipofahamu kwamba anasikilizwa naye.

Miaka miwili ilikwenda hivyo. Hawakuonana uso. Walisemezana mara moja tu, Samiha alipouliza kupitia ukutani, "Umeukamata?" na Shamte akajibu, "Nimeukamata." Basi. Nyimbo kumi na moja zilipita ukutani hapo, maneno na sauti. Shamte alizipangia fidla na tarumbeta, alizitafutia mwanzo na mwisho, na hiyo ilikuwa kazi kubwa, wala simpunguzii. Lakini kwenye sahani pameandikwa: maneno na muziki, Shamte bin Fauzi.

Mwaka 1959 Samiha aliachwa, akarudi kwao Quionga.

Ukuta ukanyamaza. Shamte akatangaza kuwa anapumzika kutunga. Ukweli ni kwamba aliandika kila siku na kuchana kila siku. Ukindu walizirudiarudia zile kumi na moja mpaka watu wakaanza kuuliza mpya iko wapi, na haikuwapo. Mwaka 1961 orkestra ilivunjika. Baadaye vikaja vita vya uhuru, na mji ukasema vita ndivyo vilivyomnyamazisha Mestre. Yeye akaacha waseme. Akaajiriwa kupima mbata kwenye ghala la nazi, akapima mbata miaka ishirini na sita.

Katika miaka ya themanini msafiri mmoja alimwambia kwamba Samiha amekufa. Alisema inna lillahi, na ndani yake, Mungu amsamehe, kitu kikalegea. Shahidi hakuwapo tena.

Mpaka lilipokuja daftari.

*

Asubuhi ya pili yake aliyelileta daftari alipiga hodi.

Alikuwa Awa, msichana wa miaka ishirini na minne, muuza samaki wa kukaanga sokoni, mwimbaji wa mstari wa mbele katika kwaya. Alikuwa amebeba kisahani cha samaki kilichofunikwa. Shamte alipomwona alijua hukumu imekuja na mboga yake.

Awa alieleza kwamba daftari ni la bibi yake mzaa mama. Alipewa akiwa mdogo kwa sababu alipenda kuimba. Mwaka 2020, siku walipokimbia kwa miguu, alilifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, na vitu hivyo viwili ndivyo pekee alivyofika navyo Pemba.

"Nimekuja kukuomba radhi, babu," alisema. "Professora alikuuliza mbele ya watu kama unashukiwa. Bibi mwenyewe alituambia tangu zamani. Nyimbo ni za Mestre, yeye alizinakili tu."

Shamte alimwambia arudie.

Awa akarudia. Bibi aliwaambia watoto na wajukuu kwamba alipokuwa mke wa Bashiru alisikia nyimbo za jirani, akapenda, akaziandika asizisahau.

Oneni basi. Uongo aliousema jana kwa kuogopa, Samiha alikuwa ameusema kabla yake, kwa hiari, miaka yote. Amejenga upande wake wa ukuta na kuupaka chokaa. Mzee alikuwa huru. Hakuna mtu duniani angemdai neno.

Akaanza kulia. Alilia bila sauti, machozi yakiingia kwenye ndevu, na Awa akadhani ni uzee.

"Marehemu bibi yako," alisema alipoweza, "alikuwa mtu mwema."

"Marehemu?" Awa alimtazama. "Babu, bibi yupo hai. Yuko Quionga kwa mjomba Mamudo. Juzi nimezungumza naye."

Mzee alishika ukingo wa kitanda. Akauliza jambo moja tu, iwapo bibi bado anaimba.

Awa alifikiri. Akasema hajapata kumsikia bibi akiimba, tangu azaliwe. Na redio ikiupiga "Kisima cha Jirani", bibi huinuka akatoka nje mpaka umalizike.

*

Jumapili sala ilijaa saa tatu asubuhi.

Mabati mapya yalikuwa yakilia kwa jua. Bwana administrador, mkuu wa wilaya, alikata utepe na kusema maneno yake. Kitambaa kilining'inia, jina la Shamte limeandikwa kwa rangi ya bluu. Kwaya ilipanda, kodiani moja na fidla mbili kando, na mzee akapandishwa jukwaani kwa kushikwa mkono.

Akainua mkono wa kushoto. Watu wakanyamaza, hata watoto.

Mkono haukushuka kuanzisha wimbo. Aliukunja, akageukia watu, akaomba kipaza sauti.

Alisema kwa Kiswahili chepesi, bila mapambo. Kwamba nyimbo kumi na moja za Ukindu hazikutungwa na yeye. Kwamba alizipokea kupitia ukuta kutoka kwa mwanamke aliyekuwa mke wa jirani, jina lake Samiha, wa Quionga. Kwamba yeye alizipanga kwa vyombo, akaziongoza, akaandika jina lake mahali pa jina la mwenzake, na akaliacha hapo miaka sitini na mitano. Alisema jina lililo kwenye kitambaa si kweli.

Alimaliza, akasubiri. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alikuwa amejitayarisha hata kwa kuzomewa.

Professora Zuleica akapanda, akamshika bega kwa upole, akachukua kipaza sauti. Akasema mmeona wenyewe unyenyekevu wa wakubwa wetu. Akasema msanii wa kweli hajisifu, husema wimbo umemjia kutoka nyuma ya ukuta. Watu wakapiga makofi. Wazee wenzake wa mstari wa mbele wakatikisa vichwa kwa huruma, mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwamba umri umemfika.

Shamte alisimama katikati ya makofi yale kama mtu aliyepiga hodi nyumba isiyo na watu. Kusema uongo kulimchukua dakika moja, na watu wakaamini miaka sitini na mitano. Kweli ameisema mbele ya mji, na haikupata hata mtu mmoja wa kuipokea.

Wasichana walikuwa wakimtazama. Hakuna lingine la kufanya. Akageuka, akainua mkono, akauanzisha wimbo.

Na aliongoza vizuri, niwe mkweli. Kidole cha mwisho kilipoinuka, sauti ishirini zilikatika pamoja, na sala ikabaki inasikiliza.

*

Hata hivyo alikuwapo mmoja aliyemwamini.

Baada ya watu kutawanyika, Awa alimfuata nyuma ya sala, mahali palipokuwa na matofali yaliyosalia. Hakuwa na kisahani cha samaki safari hii. Alisema tangu utotoni alijua kuna kitu, kwa sababu mtu hatoki nje kuukimbia wimbo alioupenda akaunakili. Alisema anamwamini.

Shamte akataka kumshukuru. Awa hakumpa nafasi.

"Umesema yako, babu. Na ya bibi umeyasema vilevile. Ulimwomba ruhusa?"

Mzee akakiri kwamba hakumwomba.

"Alikuwa mke wa mtu siku hizo. Leo mji mzima umesikia kwamba alikuwa akimwimbia kijana ukutani mumewe akiwa safarini. Hapa wamekuona mzee umechanganyikiwa. Quionga hawatakuona hivyo."

Akamwonyesha simu. Mtu alikuwa amemrekodi. Sauti yake na sura yake vilikuwa vinazunguka tangu saa nne, na mjomba Mamudo alikuwa amekwisha kuandika maneno matatu kwenye kikundi cha familia: *Huyu ni nani?*

Mamudo, kwa msiojua, ni mtoto wa pekee wa kiume wa Samiha, mtu wa miaka sitini na miwili, mwenye duka Quionga na bidhaa zinazovuka mpaka kwenda na kurudi. Hutangulizwa kusalisha imamu anapougua. Mama yake ndiye fahari yake.

Shamte alirudi nyumbani peke yake. Alikuwa amedhani kweli ni mzigo wake, akiutua ameutua. Hakufikiri kwamba upande wa pili wa mzigo ule ulikuwa kichwani kwa mtu mwingine, aliyeubeba kwa kunyamaza, na alikuwa amejifunza kuubeba bila kuumwagia mtu.

*

Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri, Awa alikuja na simu mkononi. Uso wake ulikuwa mgumu kusomeka. Alisema kuna mtu anamtaka, akaiweka simu sikioni mwa mzee.

"Shamte," sauti ilisema.

Ilikuwa imezeeka, imekwaruza, lakini aliijua. Angeijua kati ya elfu. Alisema labeka kama mtoto.

"Nimekusikia ulivyosema. Umesema kumi na moja."

Akasema ndiyo.

"Zilikuwa kumi na mbili," Samiha akasema.

Wasomaji, mimi nami nilidhani ni kumi na moja. Mestre alitudanganya hata katika kutubu kwake.

Ya kumi na mbili haikupita ukutani kwa sauti. Ilipita kwa karatasi, kwenye ufa, asubuhi Ukindu walipokuwa wakipakia vyombo garini kwenda Dar es Salaam. Samiha alikuwa na wiki moja tangu aachwe. Karatasi ilikuwa na mistari miwili, na Shamte aliisoma amesimama, gari linanguruma:

*Mlango umefunguka, ufunguo sikushika,*
*Watume wazee waje, eda ikikamilika.*

Alikuwa akimpenda. Aliujua moyo wake kama alivyozijua nyuzi za udi. Lakini alijua pia kwamba akimwoa, siku moja mke ataimba uani mgeni atasikia, na watu wataulizana nyimbo zinatoka wapi. Ilimpasa kuchagua kati ya mwanamke na jina. Akaitia karatasi mfukoni, akapanda gari. Eda ilikamilika. Wazee hawakwenda.

Haya yote hayakusemwa kwenye simu.

"Sikupigii kukulaumu," Samiha akasema. "Niliolewa na mtu mzuri. Amefariki miaka tisa sasa, nimemkalia eda yake, nimeimaliza. Nakupigia kwa sababu Mamudo ananiuliza wewe ni nani kwangu. Nikamwambia akakuulize mwenyewe."

"Nimwambie nini, Samiha?"

"Mimi nilikwisha kusema langu, kwa karatasi. Wewe hujajibu mpaka leo. Mamudo anakuja Alhamisi. Amekasirika, mpokee vizuri. Jibu utakalompa yeye nitalichukua kuwa langu. Na safari hii, Shamte, usipande gari."

Simu ikakatika.

Mzee alibaki ameishikilia sikioni. Alhamisi ni mtondo. Alianza kuhesabu alichonacho cha kumwambia mtoto wa mwanamke yule katika siku tatu, na alichonacho kilikuwa kidogo mno.

Hakuzipata siku tatu. Nje gari lilisimama, tairi zikasaga mchanga, mlango ukafungwa kwa nguvu. Mtu alipiga hodi mara moja, na hakungoja kukaribishwa. Kivuli chake kikajaa mlangoni.

Awa aligeuka. Mestre Shamte alimwona anafunika kichwa haraka kwa kanga, anarudi nyuma hatua moja, na sauti yake ikawa ndogo.

"Shikamoo, mjomba."